Shule ya mataifa mawili na shule ya kimataifa: tofauti iko wapi?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Berlin na mume wangu Mjerumani. Binti yetu atatimiza miaka mitano mwezi ujao. Mbele yetu kuna shule mbili. Moja ni ya Wajerumani na Wamarekani, ni ya serikali na haina ada. Nyingine ni shule ya kimataifa ya binafsi inayofuata mtaala wa IB, na ada yake inatutoa jasho. Nimezitembelea zote. Kote nimesikia Kiingereza, kote nimeona watoto wa kila rangi, kote ukutani kuna bendera. Mbali na pesa, tofauti ni nini hasa? Mume wangu anasema ya kimataifa itamfungulia mtoto dunia. Mimi nawaza siku tukirudi nyumbani. Tena nampeleka huko na Kiswahili chake, sijui kitamsaidia au kitamchelewesha. Naomba mwongozo."

Dada, bendera za ukutani ziweke kando, maana shule yoyote inaweza kununua bendera. Cha kuuliza kwanza ni hiki: shule hii ina wenyewe, na wenyewe ni akina nani?

Shule ya mataifa mawili ina wenyewe wawili wanaojulikana. Ni kama mtoto mwenye kuumeni na kukeni: kwenye kila jambo lake kubwa wazee wa pande zote mbili huitwa kikaoni, na hakuna upande unaoweza kumwoza peke yake. Lugha za kufundishia, aina ya walimu, cheti cha mwisho, hata likizo, yote hayo yamejadiliwa na pande mbili zenye mila tofauti za elimu. Shule ya kimataifa kwa asili yake haina taifa linaloimiliki. Ina bodi ya wazazi, au taasisi, au kampuni, na mtaala wake umetengenezwa makusudi usiwe wa nchi yoyote ili uweze kufundishwa katika nchi zote. Mengine yote uliyoyaona, na ambayo hukuyaona, yanatoka hapo.

Hiyo ya Wajerumani na Wamarekani uliyoitembelea ni ile ya John F. Kennedy, kule Zehlendorf. Ilianza mwaka 1960, enzi Berlin imegawanywa na Zehlendorf iko katika eneo la Wamarekani. Ilianza kama shule ya pamoja ya watoto wa Kijerumani na wa Kimarekani, kisha ikapewa jina la Kennedy mwaka 1963 baada ya rais huyo kuuawa. Mpaka leo ni shule ya serikali ya jimbo la Berlin, ndiyo maana hakuna aliyewadai ada.

Mfano ulio wazi zaidi wa shule za namna hii ni zile za Wajerumani na Wafaransa. Ya kwanza ilifunguliwa Saarbrücken mwaka 1961, katika jimbo la Saarland, ambalo baada ya vita liliwekwa chini ya Ufaransa na likaingia Ujerumani Magharibi mwaka 1957 tu. Januari 1963 Rais de Gaulle wa Ufaransa na Kansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi walitia saini Mkataba wa Élysée, na ndani yake mkaandikwa kwamba kila upande utahimiza lugha ya mwenzake mashuleni. Mwaka 1972 ikafunguliwa shule ya Freiburg, na mwaka huohuo nchi mbili zikakubaliana kwa maandishi juu ya shule hizi na cheti chao cha pamoja. Buc, karibu na Versailles, ilifuata mwaka 1975, na Hamburg mwaka 2020. Hebu tazama miji na miaka hiyo. Watu waliopigana vita vitatu vikubwa katika miaka sabini na mitano waliamua kuwakalisha watoto wao kwenye dawati moja. Shule ya namna hii ina sababu ya kuwepo, na sababu hiyo ni ya kisiasa kabla ya kuwa ya kielimu.

Shule za kimataifa zilizaliwa na haja nyingine kabisa. Mwaka 1924 Geneva ilikuwa na wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa ule wa kwanza na wa Shirika la Kazi Duniani, wageni wa nchi nyingi ambao hawakujua watakaa miaka mingapi. Watoto wao wangesoma wapi, na kwa mtaala wa nani? Ikaanzishwa Shule ya Kimataifa ya Geneva. Lakini tatizo la cheti likabaki: chuo kikuu cha Paris kilitaka kitu kimoja, cha Uingereza kingine, cha Marekani cha tatu. Kutokana na shida hiyo mwaka 1968 ikaundwa International Baccalaureate, hiyo IB yenu, cheti cha mtoto ambaye wazazi wake watahamishwa. Dar es Salaam ilipata International School of Tanganyika mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mbichi na balozi zikimiminika. Haja ilikuwa ileile.

Hapa niseme jambo moja pembeni. Neno "kimataifa" halina mwenyewe. Ukipita Mikocheni au Kilimani utakuta vibao vya "International School" kwenye shule ambazo watoto wote wametoka mitaa minne ya jirani na mtihani wao ni wa Cambridge, au hata wa taifa. Si kosa la jinai, lakini kibao kisikutishe. Neno "lugha mbili" nalo hutumiwa ovyo hivyohivyo. Nimeona shule Ulaya ikijiita ya lugha mbili kwa sababu ya vipindi vinne vya lugha ya pili kwa wiki. Halafu kuna shule za nchi moja zilizoko ugenini, kama Shule ya Kijerumani ya Nairobi au Lycée Denis Diderot ya Wafaransa huko huko Nairobi. Hizo ni za taifa moja lililosafiri, hata zikipokea watoto wa wenyeji.

Sasa tuingie darasani, maana huko ndiko mambo yaliko.

Katika shule ya kimataifa ya kawaida, Kiingereza ndicho kinachobeba kazi yote. Hisabati kwa Kiingereza, sayansi kwa Kiingereza, ugomvi wa uwanjani kwa Kiingereza. Lugha ya nchi inayowakaribisha ni somo, kama sisi tulivyosoma Kifaransa: vipindi kadhaa, mwalimu mmoja, na mtoto aliyekaa Berlin miaka minane anaweza kuondoka akijua kuagiza mkate na kuuliza njia. Shule nyingine hujitahidi zaidi ya hapo, kwa hiyo uliza, lakini huo ndio mwelekeo.

Katika shule ya mataifa mawili kila lugha imepewa mzigo wa kweli. Somo fulani ni la Kijerumani na lina mtihani wa Kijerumani. Jingine ni la Kiingereza na hakuna wa kukutafsiria. Pale Kennedy watoto hutenganishwa kwa masomo ya lugha yenyewe: wenye Kijerumani kama lugha ya nyumbani wana kundi lao, na wanaokichukua kama lugha mwenza wana lao, na Kiingereza vivyo hivyo. Kipindi kikiisha wanarudi pamoja. Kwa mpango huo, mtoto aliyekuwa mnyonge saa tatu ni bingwa saa tano. Kila mmoja darasani anajua maana ya kutafuta neno na kulikosa. Kwa maoni yangu hilo lina thamani kuliko sarufi yoyote, na shule ya kimataifa haiwezi kulitoa kwa urahisi, kwa sababu huko mwenye Kiingereza cha nyumbani ndiye bingwa asubuhi hadi jioni.

Nikueleze nilichokiona nikiwa nimekaa nyuma ya darasa la watoto wa miaka tisa katika shule moja ya namna hii. Mwalimu Mmarekani aliandika ubaoni elfu moja na mia tano kwa mkato: 1,500. Msichana mmoja wa Kijerumani akasoma "moja na nusu", na alikuwa sahihi kwa walivyomfundisha nyumbani, maana kwa Wajerumani mkato ndio unaotenga desimali, na nukta ndiyo inayopanga maelfu. Jirani yake Mmarekani naye akalitazama daftari la mwenzake na kuisoma moja yake kuwa saba, kwa sababu Wajerumani huandika moja yenye mkono mrefu unaopanda, na saba huipiga mstari katikati. Kugawanya nako wanaandika tofauti: mmoja anachora kibanda chake juu ya namba, mwingine anaweka nukta mbili, anaandika alama ya usawa na kuendelea kulia. Mwalimu hakumwambia yeyote kwamba amekosea. Alizipanga njia zote mbili ubaoni, kisha akawauliza ipi ingeleta hasara wakituma hundi. Kipindi kizima kikaishia hapo. Mzazi mmoja alilalamika kwamba muda umepotea. Mimi nililiona kuwa somo la hisabati kamili, na kuna shule nyingi ambako lingefutwa ubaoni ndani ya nusu dakika.

Na alama zenyewe! Ujerumani 1 ndiyo bora na 6 ndiyo aibu. Ufaransa wanahesabu juu ya 20, na 14 ni alama ya kujivunia. Wamarekani wana A mpaka F. Shule yenye wenyewe wawili lazima ikae ikubaliane 2 ya Mjerumani ni nini kwa Mmarekani, na vikao hivyo si vifupi. Jiandae pia kumweleza bibi kule Tanga, maana akisikia mjukuu amepata moja kwenye hisabati atadhani ni moja kwa mia.

Historia ndiyo inayoonyesha uzuri wa shule hizi na pia upungufu wake. Mwaka 2003, katika maadhimisho ya miaka arobaini ya Mkataba wa Élysée, vijana wa Kijerumani na wa Kifaransa waliokutana Berlin waliomba kitabu kimoja cha historia kwa nchi zote mbili. Juzuu la kwanza likatoka mwaka 2006 kwa lugha mbili, na yaliyomo ni yaleyale neno kwa neno, picha kwa picha. Kwa mataifa yaliyokuwa yakifundisha vita vilevile kila moja upande wake, hilo si jambo dogo.

Lakini binti yako ni wa Berlin na Tanga. Novemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Tanga, mjini kwenu, na wengi waliopigana na kubeba mizigo katika vita ile ya Afrika Mashariki walikuwa Waafrika na Wahindi. Kwa shule ya Wajerumani na Wamarekani, hayo yako nje ya nyumba zote mbili. Atayakuta kwa bahati, mwalimu akipenda. Shule ya mataifa mawili hutazamana sana machoni, na wa tatu husahaulika. Shule nzuri ya kimataifa humwachia mtoto nafasi zaidi ya kuleta kwao darasani, ingawa mara nyingi inaishia kwenye sherehe ya vyakula na mavazi, mama wa Kiafrika akiombwa kukaanga sambusa. Kwa hiyo historia ya Tanga, popote atakaposoma, ni kazi yako.

Jambo jingine ambalo wazazi hawaliulizi ni nani atabaki. Mikataba ya walimu wa shule za kimataifa huwa ya miaka miwili, kisha huongezwa au mwalimu anahamia Bangkok. Watoto nao wanaondoka kila Juni na baba zao wa ubalozini. Mtoto mdogo anaweza kuzoea kuaga, na wengine hukua na moyo mpana kwa sababu hiyo, lakini wengine huacha kutafuta marafiki wa karibu kabisa. Shule yenye mizizi katika mji ina familia zinazokaa. Binti yenu, akiwa na baba wa hapohapo Berlin, angekuwa ndiye anayebaki kila mwaka huku wenzake wakiondoka.

Cheti. Hapa mume wako ana haki nusu. IB inafungua milango mingi kweli: masomo sita, alama za juu kabisa 45, na vyuo vya karibu dunia nzima vinaifahamu. Ila Ujerumani yenyewe inaitambua kuwa sawa na Abitur, cheti cha Kijerumani cha kumaliza sekondari na kuingia chuo kikuu, kwa masharti ya masomo uliyochagua na ngazi zake. Kwa mfano, hisabati au somo mojawapo la sayansi lazima lichukuliwe kwa ngazi ya juu. Mwanafunzi aliyechagua vibaya akiwa na miaka kumi na sita anaweza kumaliza na alama nzuri, kisha mlango wa chuo kikuu cha mji wake ukamfungia. Pale Kennedy mtoto anaweza kutoka na Abitur, au na diploma ya sekondari ya Marekani. Msichanganye hivyo viwili. Diploma hiyo peke yake, bila mitihani ya nyongeza, kwa kawaida haitoshi kuingia moja kwa moja chuo kikuu cha Ujerumani. Abitur inatosha, na vyuo vya nje navyo vinaipokea. Shule za Wajerumani na Wafaransa zimekwenda mbali zaidi: mtihani ni mmoja na cheti ni kimoja, na kila nchi inakihesabu kuwa chake. Msikichanganye hicho na AbiBac, mpango ulioanza mwaka 1994 ambao mwanafunzi wa shule ya kawaida anapata vyeti viwili, cha Kijerumani na cha Kifaransa.

Umeniletea chaguo mbili, lakini Berlin inayo mengine. Kuna Shule ya Kimataifa ya Nelson Mandela, ambayo ni ya serikali, na ina Abitur na IB. Kuna shule za Europa za jimbo, zilizoanza mwaka 1992, ambazo Kijerumani kinafundishwa sambamba na lugha nyingine moja kati ya tisa, zikiwemo Kituruki, Kireno na Kigiriki. Kiswahili hakimo. Na kwa udadisi tu, Berlin inayo pia shule ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 1689 kwa ajili ya Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, ambayo mpaka leo inafundisha kwa Kifaransa na kutoa vyeti vya pande mbili. Ilianza kama shule ya wakimbizi na sasa wenyeji wanagombea nafasi.

Nikijibu kwa upande wenu: kama kazi zenu ziko Berlin na hamtegemei kuhamishwa, ningemwombea nafasi kwanza kwenye shule ya mataifa mawili, na ile ya Nelson Mandela iwe ya pili. Ada hiyo inayowatoa jasho itunzeni kwa nauli ya Tanga kila likizo ya kiangazi, itamfaa zaidi. Lakini kama mmoja wenu anafanya kazi ya kuhamahama kila baada ya miaka mitatu, mume wako ameona sawa, na ada hiyo ndiyo bei ya mtoto kutoanza upya kila mara. Kabla ya kuamua, kaeni mjibizane kwa uaminifu: akiwa na miaka kumi na minne, mtakuwa mnaishi wapi? Mkishindwa kabisa kulijibu, hilo nalo ni jibu linaloelekea IB.

Mkienda tena shuleni, msiulize "mna mataifa mangapi". Ulizeni darasa la saba wanasoma hisabati kwa lugha gani, na historia kwa lugha gani. Ulizeni walimu wanaajiriwa na nani, na wa wastani amekaa miaka mingapi. Ulizeni waliomaliza mwaka jana wako vyuo gani, vya hapo nchini na vya nje.

Kuhusu Kiswahili. Shule ya mataifa mawili hutafuta mtoto mwenye angalau lugha moja kati ya zake mbili iliyokomaa. Binti yenu ataingia kwa Kijerumani cha baba yake, na Kiingereza kitakuwa lugha mwenza. Hapo ndipo akina mama wengi wa Kiswahili walioko Ulaya wanateleza: mtoto akikaribia kuanza shule, mama anaacha Kiswahili na kuanza kumsemesha Kiingereza cha kazini "ili asichelewe". Usifanye hivyo, dada. Kiingereza atafundishwa na watu waliosomea kazi hiyo, siku tano kwa wiki. Wewe ukikiacha Kiswahili, hakuna mwingine Berlin atakayempa. Mtoto aliyezoea kusimuliwa hadithi ndefu kwa lugha ya mama yake huingia darasani akijua tayari hadithi inavyojengwa, na ujuzi huo unahamia lugha nyingine bila kulipiwa. Msomee, mgombeze, mtanie kwa Kiswahili, na akikujibu kwa Kijerumani wewe endelea. Na mkiishia IB, mjue kwamba mtaala huo unaruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha ya kwao kwa kujisomea chini ya uangalizi hata pasipo mwalimu wake shuleni, na Kiswahili kinakubaliwa. Lakini itabidi awe anasoma na kuandika, si kuongea tu.

La mwisho, kurudi nyumbani. Mkirudi akiwa bado msingi, mtoto wa IB ataukuta mtaala wake Dar es Salaam au Moshi, ada nayo ikiwa palepale. Mtoto wa Kijerumani na Kiingereza ataingia shule ya Kiingereza bila shida kubwa, ila Kijerumani chake hakitapata shule ya kukiendeleza Tanga. Na akiingia mtaala wa taifa, kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Atakayeteseka hapo ni yule aliyenyimwa Kiswahili nyumbani, awe ametoka shule ipi. Akirudi baada ya sekondari, vyeti vyote vya nje, Abitur au IB, vitapitia NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kulinganishwa kabla ya chuo kikuu kumpokea. Kwa hiyo ripoti zake za kila mwaka ziwekeni kwenye faili moja tangu mwanzo, zenye muhuri wa shule, pamoja na tafsiri rasmi za zile za Kijerumani. Kuifuatilia mihuri ya Berlin ukiwa Tanga ni kazi ya kuchosha.